Waliweka Wenyewe Mahali Pake

Ghorofa ya juu,
Nyumba ya pili baada ya duka la magauni,
Barabara ya Stesheni.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada Kicheko,

Salamu zangu zikukute umekaa, umekula, na hujabeba ndoo ya mtu. Umeamkaje? Kile kizunguzungu cha asubuhi kimekupa nafasi? Usingizi unapata? Nijibu kwa urefu, usinipe lile "sijambo" lako fupi la kumfukuza mtu mlangoni. Shemeji mwalimu bado yuko huko alikokwenda kusimamia mitihani, au wamemrudisha? Na wifi yako anayeolewa, na wageni wake waliojaa hapo nyumbani, wote wameamkaje?

Sisi huku ni wazima. Mimi napanda ngazi bila kushika ukuta, nalala ubavu ninaoutaka, na nimerudi kazini kwenye duka letu la kukodisha magauni ya harusi. Mwenye duka hanipi kazi ya kuinama. Nakaa kitini kama mkurugenzi, nashona shanga.

Acha nianze na habari za mume wangu, maana nikianza na zile nyingine sitapata nguvu ya kuzirudia hizi. Wewe hukuweza kuja harusini, umemwona kwenye picha tu, na picha ile ilimdhulumu. Kazi yake ni kutengeneza majokofu, na mtaa mzima humwita Baridi, lakini mwenye kulijua joto lake ni mimi. Juzi umeme ulikatika mchana, mimi nimelala nimelowa jasho. Akang'oa mlango mdogo wa jokofu bovu la mteja, akakaa kunipepea nao mpaka nikasinzia. Mteja akaingia, akamkuta.

"Fundi, huo si mlango wa friji langu?"

"Ndio wenyewe," akamjibu, wala hakuacha kupepea. "Naujaribu kama bado unaleta ubaridi."

Dada, nimefunga zipu za maharusi wa watu miaka mingi, na kila mmoja nilikuwa nikimtazama mgongoni nikijiuliza anasikia nini moyoni. Sasa najua. Nikisikia funguo zake kwenye ngazi, hata leo, naacha sindano niliyoshika. Watu husema mapenzi ya maharusi ni rangi mpya ya ukuta, subiri mvua inyeshe. Kwetu mvua ilishanyesha na rangi bado ipo. Ila habari ya mvua yenyewe sijakuambia, na ndiyo iliyonikalisha leo kuandika. Tafadhali ingia chumbani ufunge mlango, kisha uendelee.

Alhamisi uliponipigia ukiwa nje ya duka la mikate, ukaninong'oneza kwamba mlikwenda kliniki ya uzazi, kwamba umepandikizwa mimba na kipimo cha damu kimesema ndiyo, nilisimama katikati ya chumba na sikujua niende upande gani kwa furaha. Miaka yote hiyo ya kuulizwa maswali na watu wasiokulisha wala kukuvisha. Kisha ukacheka kile kicheko kilichokupa jina, nami nikalia.

Halafu ukasema jambo la pili, kwa wepesi, kama mtu anayesema nguo atafua kesho. Kliniki walikutaka urudi wiki hii kwa altrasaundi, hiyo picha ya tumbo ya kuangalia mimba ilipokaa. Ukasema umeahirisha mpaka harusi ipite na wageni waondoke, kwa sababu nyumbani hajui mtu, na ukitoka utaulizwa unakwenda wapi. "Waliweka wenyewe mahali pake," ukasema. "Sasa kitakwenda wapi?"

Maneno hayo nayajua, Dada. Niliyasema mimi kabla yako. Nawe hukujua unayemwambia ni nani. Na mimi, badala ya kukupigia kelele, nikasema, "Hongera, dada," kisha nikasingizia kwamba simu inazimika. Ilikuwa imejaa chaji. Niliiweka kitandani nikaiangalia kama kitu cha kuiba.

Ukweli ni huu. Uliambiwa kwamba mimba yangu iliharibika. Haikuharibika hivyo. Ilitunga nje ya mji wa mimba, kwenye mrija wa uzazi, ikakua humo, ikaupasua mrija, na nusura niache bwana harusi wangu akiwa mjane. Na mimba yenyewe haikuja kama nilivyowaachia watu wote waamini. Ilipandikizwa, sawasawa na yako.

Naandika sentensi hizo na masikio yananiwaka, kana kwamba unanitazama.

Unakumbuka nilivyolazwa nikiwa kidato cha pili, kidole tumbo kilipopasuka, wewe ukawa unaniletea madaftari hospitalini? Tulidhani kilipona kikaisha. Kumbe kiliacha makovu ndani, na makovu yaliishika mirija yangu. Hayo tuliyajua baada ya harusi. Nimeolewa nikiwa si msichana tena, unajua, kwa hiyo hatukutaka kungoja. Daktari wa kliniki alituambia mirija ile haiwezi kupitisha yai vizuri, njia iliyobaki ni kuyatoa mayai, kuyarutubisha maabara, kisha kurudisha kiinitete kwenye mji wa mimba kwa mrija mwembamba wa plastiki.

Mimi nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Fundi wangu hakuinamisha chochote. Siku tuliyokwenda aliwakuta na majokofu yao ya maabara yamepangwa ukutani, akasimama mbele yake akisikiliza mngurumo, akamwambia mtaalamu, "Hili la mwisho linahema vibaya. Lingekuwa la kwangu ningelifungua leo." Yule mtaalamu alicheka mpaka akavua miwani. Siku ya kuwekwa kiinitete alinishika mkono akaniambia sikioni kwamba watu wengine hupata watoto gizani bila kujua siku, sisi wetu tumemwona akiingia nyumbani, taa zinawaka. Niambie, Dada, ni nani asiyempenda mtu wa namna hiyo?

Basi kwa nini niliona aibu? Nimejiuliza sana. Sikumwonea aibu mume wangu. Niliwaonea watu, na zaidi ya wote, mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Sauti yake ilizoea kuita bweni zima kwenye foleni ya chakula, na haijui kwamba amestaafu. Kipimo kiliposema ndiyo, mume wangu hakuweza kujizuia, akampigia kumwambia nina mimba. Mengine hakuyasema, kwa sababu mimi nilimwomba asiyaseme. Siku ya tatu yake mama akashuka na mizigo, akasema amekuja kukaa nasi mpaka nitakapozoea hali. Kutwa alikuwa dirishani akizungumza na majirani wa chini.

"Mlisema mwanangu kaoa mwanamke mtu mzima," aliwaambia. "Haya, kachelewa kuingia, lakini kaingia na mzigo wake. Hata mwaka haujafika. Huyu hakwenda kwa daktari wala kwa mganga, ni damu nzuri tu."

Nami nilikuwa pale pale, nakunja nguo. Nilitabasamu nikainamisha macho. Wakadhani ni adabu.

Kliniki walikuwa wamenipangia siku ya picha ya tumbo, kama walivyokupangia wewe. Siku hiyo ilipofika mama mkwe akasema, "Popote unapokwenda tunakwenda wote, sitaki uvuke barabara peke yako." Ningemwambia nini? Kwenye mlango wa kliniki ile kuna kibao kikubwa kinachosema inatibu nini. Nikawapigia nikaahirisha. Nikajiambia maneno yale yale: waliweka wenyewe mahali pake, kitakwenda wapi? Mimi ni mtu wa kushona. Nikibandika mfuko upande wa kushoto wa gauni, sirudi kesho kuukuta mgongoni.

Hilo ndilo kosa langu, Dada, na ndilo nakuona ukielekea kulirudia.

Baadaye nikaanza kuona damu kidogo, nyeusi nyeusi, siyo ya kutisha. Halafu kichomi chini ya tumbo, upande mmoja. Kinakuja, kinakwenda. Mama mkwe aliniona nimejishika, akanipeleka mwenyewe kwenye zahanati ya mtaani. Alikaa kwenye kiti cha pembeni ameushika mkoba wangu mapajani. Daktari kijana wa watu aliuliza vizuri tu, na kalamu mkononi: niliwahi kupasuliwa tumbo? Niliwahi kutibiwa ili nipate mimba?

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akacheka. "Huyu? Huyu alishika mimba kwa kuangaliwa tu. Wewe mpe dawa ya maumivu, usimtafutie maradhi."

Daktari akanitazama, akaningoja. Alingoja kweli, Dada, siwezi kumsingizia. Nami nikatazama mkoba wangu kwenye mapaja ya mama, nikacheka kidogo pamoja naye. Kwa kicheko hicho daktari akaandika kwamba nipumzike, nirudi nikizidiwa.

Sikupumzika. Kulikuwa na bibi harusi wa siku ya Jumamosi na gauni lake lilikuwa refu mbele. Asubuhi hiyo bega la kulia lilikuwa linaniuma, juu kabisa, penye ncha. Nikadhani ni kubeba magauni, maana yale ya shanga ni mazito kama gunia la mchele. Kumbe damu ikimwagika ndani ya tumbo, maumivu yanaweza kwenda kutokea begani. Nani angejua? Nilipiga magoti nikabana pindo, pini nimezishika kwa midomo. Nilipotaka kuinuka, sakafu ikainuka kabla yangu.

Nilipozinduka, bibi harusi alikuwa amenikumbatia chini, anapiga kelele niteme pini. Mwenye duka akasimamisha teksi. Bibi harusi akaingia nami, kwa sababu nilikuwa nimemng'ang'ania mkono na sikuuachia, na gauni lilikuwa limebanwa pini nusu, haliwezi kuvuliwa haraka. Basi tukaenda hivyo, mimi nimelala mapajani mwa mtu nisiyemjua, shela imejaa gari zima. Magari yakatuona. Yakaanza kupiga honi za furaha. Watu kandoni wakapunga mikono, mmoja akachungulia kwenye taa za barabarani akasema, "Bibi harusi, mbona unalia, bado hujamzoea?" Yule binti akawa anapiga kioo akiwaambia watupishe, nao wakazidi kushangilia. Mimi nilikuwa nasikia kila kitu kutoka mbali. Mtu anakufa, Dada, na anaona aibu kwamba amechafua gauni la kukodi.

Hospitali walinipiga ile picha mara moja. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, hakuitazama skrini kwa muda mrefu. Aliniuliza mimba hii ilipandikizwa? Mama mkwe alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na kanga begani. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na kwenye zahanati walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

Nikageuza uso ukutani. Yule daktari hakunigombeza, akavuta kitanda yeye mwenyewe kuelekea chumba cha upasuaji. Ningependa angenigombeza.

Waliutoa mrija na kila kilichokuwa ndani yake. Niliongezewa damu, na sehemu yake ilitoka kwa fundi wangu, kwa hiyo sasa tuna damu moja kweli, na ananitania kwamba nikianza kunguruma nisishangae. Nililia kwa utani huo nusu siku. Hakuna aliyekuwa amempa jina yule wa kwetu, lakini mimi nilikuwa nimeshamshonea kofia.

Muuguzi wa wodi ile ndiye aliyenieleza, nikiwa nimeweza kukaa. Nilimuuliza swali letu, mimi na wewe. Waliweka wenyewe, kilipotea vipi? Akasema kiinitete hakibandikwi kwa gundi. Kinawekwa ndani ya mji wa mimba na kwa siku kadhaa kinaelea, kinatafuta pa kushika. "Sisi tunamkaribisha mgeni sebuleni," akasema. "Atalala chumba gani, hilo hatumwamulii." Mara nyingi kinashika pale pale. Mara chache kinatangatanga mpaka kwenye mrija, na mrija wenye makovu hauna nguvu ya kukirudisha. Ndiyo maana sisi tuliopandikizwa tunaitwa mapema kupigwa picha, na hasa wenye mirija mibovu. Kipimo cha damu kinasema tu kwamba mimba ipo. Hakisemi iko wapi.

Dada, wewe mwenyewe uliniambia mirija yako imeziba.

Akaniambia na jambo lililonichoma zaidi. Ningekwenda siku ile ile niliyopangiwa, wangeiona ikiwa ndogo, na huenda ingetosha sindano ya dawa, bila kisu. Sikumwambia nilikuwa wapi siku hiyo. Nilikuwa nyumbani na mama mkwe, nakunja nguo.

Kuhusu mama mkwe, sitakudanganya kwamba tumekumbatiana yakaisha. Alikaa nami wodini kimya, yeye ambaye hata usingizini husema. Siku ya kuruhusiwa alinifunga kamba za viatu, akabaki ameinama. "Ulinyamaza," akasema, "lakini aliyejibu ni mimi. Sasa sijui nani anamwomba nani radhi."  Akafua mashuka yote, akapika sufuria la kulisha bweni, akarudi kwake. Majirani wa chini aliwaambia mimba imeharibika, basi, na dirisha akalifunga mwenyewe.

Jana nilimpigia. Nilimwambia habari zako, bila kukutaja jina. Akasema, "Mwambie huyo mwenzako akiulizwa na daktari ajibu kwa mdomo wake. Na kama kuna mzee ameshika mkoba wake, amwambie atoke nje." Ni maneno marefu kuliko yote aliyoniambia tangu aondoke.

Kinachoniumiza ni kwamba hata furaha yangu sasa naionea haya. Nacheka na mume wangu, tunakula kwenye sahani moja, kisha nakumbuka ni wiki chache tu zimepita, nakatiza kicheko kama mtu aliyekutwa jikoni mwa wenyewe. Na nilikuonea haya wewe. Miaka yote wewe ndiye uliyesimama uchi mbele ya maneno ya watu, mimi nikapata njia ile ile nikajifanya sikuipita. Uliponipigia hongera ya mimba yangu, ukaniuliza, "Kimbaumbau wewe, umefanyaje mwenzetu?" nilikujibu kwamba ni mapenzi tu. Ukacheka. Nilikisikia kile kicheko kilivyokuwa kifupi.

Sasa nisikilize. Nimejaribu kukupigia tangu Ijumaa. Simu yako ile haisikiki ila kwa spika, na kila mara nasikia sebule nzima nyuma yako ikinisalimia. Ujumbe siwezi kuuandika, wifi yako huusoma kwa sauti kama taarifa ya habari. Shemeji mwalimu hapatikani kwenye mitihani huko. Ndiyo maana imekuwa barua.

Aliyekuletea ni kaka wa mume wangu, dereva wa lori la magodoro. Ni yule niliyekusimulia, mwenye utani wa kupitiliza, aliyesema harusini kwamba nimeolewa kwa dhamana ya miezi sita, ikipita sirudishwi. Jana jioni nilimwita pale kwenye ngazi, nikamwambia, "Shemeji, kuna jambo la kike nataka kukutuma."

"Sema, shemeji," akacheka. "Mimi hubeba magodoro ya maharusi, hakuna la kunishtua."

Nikamwambia yote. Kupandikizwa, mrija, damu, zahanati, mkoba. Sikumtazama usoni, nilitazama vifungo vya shati lake. Kisha nikamwambia na habari zako, Dada. Nimetoa siri yako pamoja na yangu kwa mwanamume ambaye hata humjui, nawe ulinipa mimi peke yangu. Ukinikasirikia una haki, nitakaa na hasira yako muda wote utakaotaka. Lakini ukasirike ukiwa mzima.

Aliacha kucheka. Akasugua shingo, akaniuliza jambo moja tu: "Kliniki yao inafunguliwa saa ngapi?"

Kwa hiyo hatoki hapo sebuleni bila wewe. Nimemwambia akipewa chakula ale, akifukuzwa asiondoke. Lori liko nje. Wanawake wa nyumba wakikuuliza unakwenda wapi, wajibu unakwenda hospitali. Wakiuliza unaumwa nini, waambie ukirudi utawaeleza, na ukirudi unaweza usiwaeleze. Harusi haivunjiki kwa wifi mmoja kutoka asubuhi. Ukifika, usingoje waulize. Sema umepandikizwa, sema mirija yako ina tatizo, sema mdogo wako mimba ilimtungia mrijani. Wakiikuta mimba iko mahali pake, nitakuwa wa kwanza kuchekwa, na nichekwe mchana kutwa. Hata wakisema ni nzuri, ukisikia kichomi upande mmoja, au bega likuume bila sababu, au kizunguzungu cha kukuangusha, siku hiyo hiyo urudi, mchana au usiku, na harusi iwe imefika kwenye keki.

Basi soma mpaka hapa, kisha uvae viatu. Salamu zilizobaki utazisoma njiani.

Kama umekaa kiti cha mbele na lori limeshaondoka, endelea. Nisalimie mama mkubwa, mwambie mguu wake nausikia mpaka huku kila hali ya hewa ikibadilika. Nisalimie shemeji mwalimu akirudi, na mwambie ukweli wote, maana mume ndiye wa kwanza kushika kichwa cha mtu kikianguka. Mjomba Redio mwambie bado anadaiwa stori aliyoikatia katikati. Wifi yako mpe pole ya shughuli, na hongera za ndoa kutoka kwa mwenzake aliyetangulia kidogo tu. Mwambie huku ndani ni kuzuri. Fundi wangu anakusalimu kwa jina, anasema siku ukija atakugandishia maji ya matunda kwenye jokofu lake mwenyewe, siyo la mteja.

Mungu akutangulie kwenye mlango ule, akushike mkono wakikulaza pale kitandani, na akitazame kwanza yeye, kabla ya mashine, pale kilipokaa.

Usirudi nyumbani kabla hujanipigia. Piga ukiwa barabarani, kwa hiyo hiyo spika yako, na shemeji dereva asikie, na wapita njia wasikie. Nitapokea hata nikiwa na bibi harusi mbele yangu, na nitakujibu kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda kuliko anavyoogopa aibu,

Kimbaumbau